Rilei haishiki? Pima kwanza, transista iache hapohapo ilipo

Bodi za rilei ndio kazi inayonijia sana hapa Unguja, kuliko redio na kuliko chaja. Mara ya kuwasha pampu tangi la juu likiisha maji, mara ya taa za nje zinazojiwasha magharibi, mara ya mashine ya vifaranga, na ukizifungua zote ndani ni mambo yaleyale: chipu, rezista, transista, dayodi, na rilei, yaani swichi inayovutwa kwa umeme. Na nyingi ya hizo nikizigeuza chini nakuta pale kwenye transista pameshalehemiwa na kulehemiwa tena mpaka shaba imenyanyuka ubaoni. Maana yake kuna mtu kabla yangu kaitoa transista akatia nyengine, kisha akatoa na hiyo akatia nyengine tena, na muda wote huo mita hakuigusa. Mie hili linaniuma kweli, na si kwa bei ya transista maana bei yake si kitu. Linaniuma kwa sababu kifaa kikipona bila kupimwa hujui kimepona kwa nini, kwa hivyo kikirudi kuumwa unaanza upya kama vile hujawahi kukiona.

Nianze na kazi yenyewe ilivyo ili tuwe pamoja. Mguu wa chipu hauna nguvu ya kuivuta rilei. Zile rilei za buluu zilizojaa madukani, zimeandikwa SRD-05VDC, koili yake, ule waya uliozungushwa ndani unaogeuka sumaku, ina kama omu 70 kwa hivyo kwenye volti 5 inataka miliampia 71 hivi, na mguu wa ESP8266, ile chipu ya Wi-Fi unayoiandikia programu, mwisho wake ni miliampia 12 tu. Ya volti 12 ni nafuu kidogo, koili yake omu 400, inakula miliampia 30, lakini nayo mguu wa chipu hauiwezi na volti zenyewe hazitoshi. Ndio transista inakaa kati, na miguu yake ni mitatu: kolekta, beisi, emita. Koili imeunganishwa juu kwenye pozitivu, chini yake kolekta, emita inakwenda negativu, na chipu inapeleka mkondo mdogo kwenye beisi kupitia rezista. Beisi ikipata mkondo wa kutosha transista inafunguka kabisa, kolekta inashuka mpaka karibu na sifuri na koili inapata volti zake zote. Ikipata mkondo mdogo inakuwa kama bomba la maji lililofunguliwa nusu, maji yanatoka lakini ndoo haijai kwa wakati. Hapa kwenye hii nusu ndipo lilipo tatizo la watu wengi na ndipo ambapo kubadilisha transista kunamdanganya mtu.

Kuna kijana mmoja wa Wete alinitafuta kwa WhatsApp. Mama yake anafuga kuku wa kienyeji na yeye kamtengenezea mashine ya kutotolea, sanduku la mbao, balbu nne za wati 60 zile za zamani za waya, feni ndogo ya kompyuta, na ESP8266 inayosoma joto na kuamrisha rilei ya volti 5. Mashine yenye feni joto lake likae 37.5, na yai la kuku linataka siku 21 humo ndani, kwa hivyo balbu zikigoma usiku mmoja tu yanaharibika ya wiki nzima au mbili. Sauti yake aliyonitumia ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Asalam alaykum kaka, samahani nakusumbua. Nshabadilisha transista hata sijui ngapi, nikitia mpya inafanya kazi mchana kutwa, asubuhi naamka balbu zimezima na mayai yamepoa. Bi mkubwa ananiangalia tu haniambii kitu."

Nkamjibu, waalaykum salaam mdogo wangu, usitoe kitu chochote sasa hivi. Una mita? Akasema anayo, ile ya njano. Haya, ile ya njano inatosha kabisa kwa kazi hii, wala mtu asikwambie lazima ununue ya bei kubwa.

Kwanza chomoa balbu. Hili nnalisema kwa kila mtu na ntalirudia hata nikichosha, upande mmoja wa hiyo rilei una volti 230 na upande wa pili una volti 5, umbali wake ni wa ukucha, na wewe unapeleka ncha ya mita hapo huku umeinama. Chomoa waya wa umeme mkubwa ubaki na adapta ya volti 5 peke yake, rilei utaisikia kwa tik yake, balbu huzihitaji. Kisha ifanye chipu iamrishe rilei iwake, kwake yeye ilikuwa rahisi tu, kitambua joto kiko nje ya sanduku kwenye hewa ya kawaida kwa hivyo chipu inadhani mayai yana baridi.

Halafu ncha nyeusi ya mita iweke kwenye mguu wa emita wenyewe, si kwenye negativu ya adapta kule mbali, na nyekundu ipeleke sehemu tatu: pozitivu ya koili, beisi, kolekta. Andika namba tatu. Hizo ndizo namba ninazozitaka mimi kabla ya picha, kabla ya maelezo, kabla ya kitu chochote.

Akanirudishia: koili 4.9, beisi 0.68, kolekta 1.4.

Tuzisome moja moja. Pozitivu ya koili 4.9, kwa hivyo adapta iko sawa. Ingekuwa 4.2 au chini tungesimama hapohapo, tuangalie adapta na waya wake, maana hizi waya nyembamba za chaja ya simu zikiwa ndefu zinakula volti njiani na mtu analaumu transista isiyo na kosa. Beisi 0.68, nayo ni sawa, transista ya silikoni ikipewa mkondo beisi yake inakaa kwenye 0.6 mpaka 0.7 na kitu. Ingekuwa sifuri ningemwambia apime upande wa pili wa rezista, kule kwenye chipu. Kama kule kuna 3.3 na beisi ni sifuri basi rezista imekatika au risasi yake haikushika au beisi imeshagandana na emita ndani. Kama kule pia ni sifuri basi transista haina lolote, ni programu au mguu wa chipu. Na ingekuwa beisi inasoma 2 au 3 ningejua ndani pamekatika kati ya beisi na emita, maana beisi nzima haiwezi kukuruhusu kufika huko.

Sasa kolekta 1.4. Hapa ndipo penyewe. Transista iliyofunguka kabisa kolekta yake inatakiwa isome 0.1, 0.2, ikizidi sana 0.3. Hii 1.4 maana yake koili inabakiwa na volti 3.5 tu, na rilei hii kwa maandishi ya walioitengeneza inataka asilimia 75 ya volti zake ili ivute, yaani 3.75. Imekosa kidogo tu! Na wakati huohuo rilei ikishavuta haiachii mpaka volti zishuke sana, karibu na asilimia 10, ndio maana mchana ikibahatika kuvuta inashikilia vizuri kabisa na wewe unaondoka moyo umetulia.

Nkamwambia nipigie picha ya rezista ya beisi. Kahawia, nyeusi, chungwa. 10K.

Hesabu yake ni ya darasa la skuli. Chipu inatoa 3.3, beisi inachukua 0.7, inabaki 2.6 ya kupita kwenye rezista ya 10K, mkondo ni miliampia 0.26. Koili inataka 71. Kwa hivyo transista ingetakiwa izidishe zaidi ya mara 270 ndio ifike, na yake ilikuwa inazidisha kama mara 190, inatoa miliampia 50 inaishia hapo. Transista yenyewe ilikuwa BC547, ambayo ikiwa na herufi A mwisho inazidisha kuanzia 110 mpaka 220, B ni 200 mpaka 450, C ni 420 mpaka 800, na hizo ni namba za mkondo mdogo, ukiipeleka karibu na miliampia 100, ambazo ndio mwisho wa uwezo wake, kuzidisha kwake kunashuka.

Nkamwambia chukua transista mbili kutoka kwenye mfuko ulionunua, tia kwenye kile kitundu cha mita ya njano kilichoandikwa hFE, yaani ile namba ya kuzidisha, nisomee. Moja ikasoma 240 na kitu, ya pili 330 na kitu. Mfuko mmoja, duka moja, siku moja. Sasa unaona kilichokuwa kinatokea? Akibahatika kuchukua ile ya 330 rilei inavuta kwa chupuchupu na anasema alhamdulillahi nimepata transista nzima. Kisha usiku hewa inapoa, na transista ikipoa kuzidisha kwake kunapungua kidogo, bodi ameibandika nje ya sanduku, chipu inaamrisha, mkondo haufiki, rilei haivuti, mayai yanapoa. Asubuhi jua likitoka inafanya kazi tena. Transista zote alizozitupa zilikuwa nzima. Ile rezista haikuguswa hata siku moja kwa sababu haijaungua na haina alama, inakaa pale imetulia inaonekana haina kosa.

Kanuni tunayoitumia mafundi ni hii: transista ikiwa kazi yake ni swichi usiitegemee namba ya kuzidisha iliyoandikwa kwenye karatasi, ihesabu kama inazidisha mara 10 tu, ikiwa mkondo wa chipu hauruhusu basi mara 15, usizidi sana hapo. Koili ya miliampia 71 ipe beisi kama 5 mpaka 7. Kwenye 3.3 rezista ya 470 inakupa kama 5.5, na mguu wa ESP8266 unaubeba mzigo huo bila taabu. Rangi zake ni njano, zambarau, kahawia. Yeye hakuwa nayo na duka lilikuwa limeshafungwa lakini alikuwa na 1K, nkamwambia tia mbili sambamba zinakuwa 500, inatosha kabisa. Na ile 10K usiitupe, iweke kutoka beisi kwenda emita, ili chipu inapokuwa bado haijaamka au mguu wake umeachwa hewani beisi isielee ikaokota umeme wa jirani ikaanza kuitetemesha rilei.

Kabla hajalehemu nkamuuliza, rilei umeiunga mguu gani wa ile bodi ya chipu? D4, akasema. Hapa naomba wenzangu mnaotumia hizi ESP8266 msikilize vizuri maana linawaumiza wengi. D4 ni jina la kwenye bodi, kwenye chipu yenyewe mguu huo unaitwa GPIO2, na chipu hii inapowaka inaangalia GPIO2 na GPIO0 ziko juu au chini ndio iamue iamke vipi. GPIO2 ikivutwa chini wakati wa kuwaka, chipu haianzi programu. Alipokuwa na 10K ilikuwa inapona kwa sababu rezista kubwa hivyo haikuweza kuuvuta mguu chini vya kutosha, ile rezista ya kwenye bodi ya kuuvuta mguu juu ilikuwa inashindana nayo mguu unakaa karibu na volti 2. Ukitia 500 pale, beisi inauburura mguu mpaka chini ya volti 1, na umeme ukikatika ukarudi usiku chipu haiamki tena mpaka mtu aje. Ungetibu ugonjwa mmoja ukaleta mwengine mbaya zaidi. Uhamishie D1 au D2, hizo ni GPIO5 na GPIO4, hazina masharti wakati wa kuwaka. Badilisha na namba kwenye programu. D0 nayo inakwenda juu chipu inapoamka, kwa hivyo rilei inapiga tik peke yake kila umeme ukirudi, kwa taa si neno lakini kwa pampu mie siitaki.

Transista nayo nkamwambia abadilishe, si kwa sababu imekufa, ni kwa sababu miliampia 71 kwa BC547 yenye mwisho wa 100 ni kumbana. Tia 2N2222, hii ipo duniani tokea 1962 na mpaka leo sijaona sababu ya kuidharau, inabeba miliampia mia kadhaa. Lakini tazama miguu. BC547 ukiielekeza uso wake bapa kwako, miguu chini, kushoto ni kolekta, kati beisi, kulia emita. PN2222A, yaani 2N2222 ya plastiki, ukiishika hivyohivyo ni kinyume, kushoto emita, kulia kolekta. Halafu ipo P2N2222A ambayo inafuata mpangilio wa BC547, tafauti ni hiyo herufi na namba moja ya mbele na maandishi yenyewe madogo mpaka uyatafutie taa. Na C945 zinazotolewa kwenye redio za zamani beisi yake iko pembeni kulia kabisa, katikati ni kolekta.

Ukiigeuza kolekta na emita transista haifi palepale, ndio ubaya wake. Inafanya kazi kinyumenyume kwa nguvu ndogo sana, beisi inasoma 0.7 nzuri kabisa, kolekta inasoma volti kadhaa, rilei inanyamaza au inatetemeka tu, na kwenye bodi ya volti 12 kuna hatari nyengine maana kati ya emita na beisi kwa kinyume inastahamili volti 5 au 6 tu, ikivuka hapo inapitisha mkondo hata haijaamrishwa. Kwa hivyo usiamini picha ya intaneti peke yake. Mita kwenye alama ya dayodi, ncha nyekundu kwenye beisi, inasoma 0.6 na kitu kwa miguu yote miwili, na ule mguu unaosoma juu kidogo ndio emita. Kisha hakikisha kwenye kitundu cha hFE, ukiitia sawa inasoma mamia, ukiigeuza inasoma namba ndogo sana. Ni kazi ya nusu dakika.

Akalehemu, akaigeuza ile PN2222A uso upande wa pili ili miguu ilingane, akapima tena. Koili 4.9, beisi 0.75, kolekta 0.1. Rilei akasema sasa inalia kwa nguvu, tak, si ile sauti ya uchovu ya mwanzo.

Dayodi sasa. Yake ilikuwepo na ilikuwa sawa, lakini bodi nyengine nyingi ninazoziona hazina au imegeuzwa. Koili ikikatiwa umeme ghafla inarusha volti nyingi, mamia, na transista ya volti 40 haina pa kukimbilia. Wakati mwengine haifi mara ya kwanza, inaumia kidogo kidogo, ndio ile "inakaa wiki inakufa" ambayo watu wanailaumu transista feki. Dayodi inakaa sambamba na koili, ule mstari wake mweupe uelekee pozitivu. Ukiigeuza, transista ikifunguka tu umeme wote unapita kwenye dayodi moja kwa moja hadi negativu, adapta inazama, chipu inazima na kuwaka, inazima na kuwaka, na ukigusa transista inakuchoma kidole. Kwa hivyo ukiona chipu inajianzisha upya kila rilei ikitaka kuvuta, angalia dayodi na adapta kabla ya programu. Dayodi ya 1N4007 huna haja ya kuinunua, vunja kwa uangalifu lile kasha la plastiki la balbu ya enaji seva iliyokufa, mule kwenye bodi yake kwa kawaida mna nne za kugeuza umeme, toa pima tumia. Kioo chake usikivunje, kina zebaki.

Na kuna kipimo kimoja kinachowababaisha watu, nacho ni pale rilei haijaamrishwa. Kolekta inatakiwa isome volti zote za adapta, kwa sababu inazipata kupitia koili. Ikisoma sifuri mtu anasema moja kwa moja transista imegandana. Inawezekana. Lakini koili ikikatika kolekta nayo inasoma sifuri kwa sababu hakuna njia ya volti kushuka! Zima umeme, pima koili kwa omu. Ikisoma 70 hivi, koili nzima na transista ndiyo yenye kesi. Isiposoma kitu, rilei ndiyo. Nimeletewa bodi ya pampu kutoka Fuoni ambayo transista zake zilikuwa zimebadilishwa na fundi mpaka njia ya shaba imekatika, na koili ndiyo iliyokuwa imekatika tokea mwanzo, waya wake mwembamba umeliwa na kutu pale kwenye mguu. Ilibidi nipitishe waya chini ya bodi kuziba yale maharibiko ya kulehemu, kazi hiyo ikachukua muda kuliko kubadilisha rilei yenyewe.

Kutu huku kwetu lazima niitaje. Sisi tumezungukwa na bahari, upepo una chumvi, na msimu wa masika kila kitu kinavuta unyevu. Bodi zinazokaa karibu na pwani zinaota ukijani kwenye shaba, khasa kama mafuta ya kulehemea hayakusafishwa, na ule ukijani ukiunganisha njia ya pozitivu na beisi unapitisha mkondo mdogo ambao mita utauona, beisi inasoma 0.4, 0.5 wakati chipu imezima. Hapo ile 10K ya kwenda emita inakusaidia, lakini dawa yenyewe ni spiriti na mswaki wa zamani, sugua, acha ikauke kabisa, kisha paka rangi ya kucha juu ya njia za shaba. Mie natumia ile isiyo na rangi. Usipake karibu na vitundu vya rilei.

Upande wa volti 230 una maradhi yake mwenyewe na hayo transista haihusiki hata kidogo. Rilei inalia tak, kolekta 0.1, kila kitu kizuri, balbu haiwaki: midomo ya ndani imeungua. Au kinyume chake ambacho ni kibaya zaidi kwa mwenye mayai, kolekta imerudi 5, koili haina umeme, na balbu bado zinawaka. Midomo imegandana. Ukiigonga rilei kwa mpini wa bisibisi inaachia na wewe unadhani imepona, haijapona, itoe. Nilimwambia kijana wa Wete kwamba balbu zake nne ni wati 240, kama ampia 1 tu, na rilei imeandikwa ampia 10, lakini balbu ya waya ikiwa baridi inavuta mara kumi na zaidi kwa kitambo kidogo pale inapowaka, na midomo inaihisi kila mara. Kwenye programu yake alikuwa ameweka iwashe 37.4 izime 37.6, akanambia inalia karibu kila dakika. Hesabu: kila dakika ni mara 1440 kwa siku, kwa siku 21 ni 30,240. Rilei hizi zikibeba mzigo wake mzima zinahesabiwa kufika kama mara 100,000. Kwa hivyo akishatotoa mara tatu tu rilei imeshakula umri wake. Tukapanua, iwashe 37.2 izime 37.8, mayai hayahisi tafauti hiyo maana ndani ya yai joto linabadilika taratibu, na rilei ikapumua.

Kisha nkamtaka atie swichi ya joto ya digrii 40, ile duara ndogo ya bati inayokata yenyewe bila chipu wala programu, iungwe kwenye waya wa umeme mkubwa kabla ya balbu na ikae ndani ya sanduku usawa wa mayai. Rilei ikiganda usiku, hiyo inakata. Aliikosa Wete, akaagizia mjini ikaletwa na boti, na nilimwambia asiingize mayai mapya mpaka aitie na kuijaribu kwa kuliacha sanduku lipande joto hali ni tupu, akakubali ingawa nilisikia mama yake nyuma anauliza lini.

Mwenye bodi inayomsumbua aniandikie hapo chini. Picha tuma, nazipenda, lakini nianzie na volti tatu, koili, beisi, kolekta, rilei ikiwa imeamrishwa na ikiwa haijaamrishwa, na jina zima lililoandikwa kwenye transista, na rangi za rezista ya beisi. Na transista iwe bado iko kwenye bodi.